Mtungi Mmoja, Vitanda Viwili

Kitendawili.

Nasema kitendawili, mjukuu wangu, nawe unanitazama tu! Sema "tega", tuanze vizuri. Haya. Nina mgeni kahamia kwangu. Anakula usingizi wangu, anakunywa nguvu zangu, na majirani hawajawahi kumwona akipita mlangoni.

Nani huyo? Kunguni? Hapana. Kunguni jirani anamjua, maana hata kwake yupo. Mimba? Mimba jirani ndiye huiona kabla yako. Fikiri tena. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Tukuyu, nashukuru. Nimekwenda Tukuyu, nimekula ndizi na maziwa ya mgando, nimerudi nimeshiba, na jibu ni maumivu.

Kitendawili hicho ni cha dada yangu Sekela. Alikitega asubuhi moja ya mwaka wa elfu mbili sabini na moja, akiwa amelala kitanda cha kwanza, chumba cha saba, katika Nyumba ya Kutulia, nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, iliyokuwa chini ya mlima Rungwe. Wala hakunitegea mimi niliyekaa pembeni yake na bakuli la uji. Aliitegea mashine.

"Shikamoo, mama Sekela," mashine ilisema kutoka ukutani. Ilikuwa na sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. Jina lake lilikuwa Msikizi, na kila chumba kilikuwa na wake.

"Marahaba, mwanangu," dada akaitika.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri tu. Kitendawili!"

Msikizi akajibu: "Sijaelewa, mama."

"Sema tega."

"Sijaelewa, mama."

Dada akanigeukia. "Huyu walimfundisha salamu wakamnyima utoto."

"Tega, bibi!" ikatoka sauti kitanda cha pili. "Mimi nipo, mtegee mtu mwenye masikio."

Huyo alikuwa Subilaga, msusi wa Mwanjelwa, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye saratani kwenye uti wa mgongo. Dada akatega, na Subilaga hakumaliza hata pumzi moja kabla ya kujibu.

"Maumivu."

"Umejuaje?"

"Si nimelala naye hapa, bibi? Kanibana ukutani."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaoogopa kutikisa kitanda. Ndipo Msikizi akamgeukia yeye. "Habari za asubuhi, dada Subilaga?"

"Mbaya! Mbaya jana, mbaya leo, na ukija mchana uje unajua. Andika hivyo."

"Pole sana. Nimesikia."

Kule ukutani kitu kikalia tik, tik, tik, kama kidole kinachogonga meza. Kila mlio ni tone. Tone lilishuka kwenye mrija mwembamba hadi kwenye kibandiko alichobandikwa Subilaga chini ya shingo, na baada ya kitambo unachotumia kumenya ndizi nne, mabega yake yakashuka. Upande wa dada yangu ulilia tik moja tu, basi.

Mimi nikakaza mkono kwenye bakuli la uji mpaka ukaniunguza.

*

Nikueleze dawa ile ilikuwa nini, maana ninyi mmezaliwa mkaikuta imepita.

Ilikuwa bangi. Usishtuke. Baba yetu alifungwa miaka mitatu kwa mashina kumi na mawili ya mmea huohuo aliyoyaficha katikati ya migomba. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka askari wakiyachoma uani na mama akitufunika pua kwa kanga. Nami nikaja kuwa mtu mzima, nikaajiriwa na serikali ileile kuupanda. Miaka kumi na tisa nilichuma maua katika vitalu nyumba vya Kiwira. Unavaa koti jeupe, unafunga nywele, unapita kwenye mistari ukitafuta shina dume uling'oe kabla halijaharibu majike. Jioni vidole vinanata utomvu hata sabuni haiutoi, unajisugua kwa mafuta ya kula. Maua yalikwenda kiwandani, huko wakayakamua, wakayachambua, wakatoa kile kinacholevya na kubakiza kile kinachofunga mlango wa maumivu. Halafu walikitia nguvu kwa ufundi wao ambao mimi sikuufahamu. Yaliyotoka yaliitwa mafuta ya ua. Hayakuponya saratani, wala hakuna aliyesema yanaponya. Mgonjwa alikufa na ugonjwa wake, ila alikufa uso wake ukiwa wake.

Mwaka ule wa sabini na moja ubwiri ulikuwa umeingia vitaluni, ule unga mweupe unaokaa juu ya majani kama mtu kamwaga sembe. Mashina yalichomwa kwa maelfu. Kwa hiyo kila chumba cha Nyumba ya Kutulia kikawa na mtungi mmoja wa mafuta kwa wiki, unajazwa Jumatatu gari linapopanda kutoka kiwandani. Chumba cha saba kilikuwa na vitanda viwili. Mtungi mmoja, vitanda viwili, na Msikizi wa kugawa.

Na Msikizi aligawa kwa neno.

"Lakini dada ana bangili mkononi, inapima moyo na jasho," nilimwambia nesi Mwakipesile siku hiyohiyo. Nilimfuata hadi stoo ya mashuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi. "Bangili inaona anaumia. Mbona inamnyima?"

"Inaona, bibi. Ila sheria inasema neno la mgonjwa liko juu ya bangili."

"Sheria ya nani?"

"Yenu wenyewe," akasema, akiendelea kukunja shuka. "Mashine za kwanza hazikuuliza mtu. Ziliona moyo unakimbia, zikamimina. Kuna mzee alikuwa anawaita wanawe awape maneno ya mwisho, moyo ukamwenda mbio kwa uchungu wa kuagana, mashine ikamlaza. Hakuamka. Wanawe walikwenda mahakamani. Tangu hapo mgonjwa akisema sitaki, hapewi."

"Dada yangu hajasema hataki! Amesema nzuri!"

"Kwa Msikizi ni mamoja."

"Mwanangu, wewe umelelewa wapi? Mtu akikuuliza habari utamwambia mbaya kabla hajakaa?"

Akaacha shuka. "Mwanzo iliuliza, kadiria maumivu yako, moja hadi kumi. Wazee wote wakagoma. Wakasema, huyu mtoto wa nani haamkii? Ndipo wakaifundisha salamu. Tumewaambia wagonjwa wote, bibi, na mama Sekela nilimwambia mwenyewe, mara tatu: hii ikikuuliza habari, sema kweli. Akaniambia amesikia."

"Amesikia masikioni. Mdomo una adabu zake."

"Basi zungumza naye," Mwakipesile akasema. "Mimi nikimsemea nafungwa. Nawe pia."

*

Nilizungumza naye Jumatano, nikimwogesha.

Kumwogesha dada ilikuwa kazi ya kuumiza moyo. Saratani ilikuwa mifupani, tangu nyonga hadi mbavu. Nilikuwa nikiloweka kitambaa kwenye beseni, nakamua, nampangusa kidogo kidogo kama unavyopangusa yai. Hakulia. Alishika ukingo wa kitanda tu, na kucha zake zilikuwa zimeacha mistari kwenye rangi ya mbao. Niliihesabu mistari nikaacha.

"Dada," nikasema. "Kwa nini unamwambia nzuri?"

"Nani?"

"Hiyo mashine. Unajua ukisema mbaya itakupa. Kwa nini unasema nzuri? Ni kwa sababu ya adabu?"

Akafumba macho.  Kisha pembe ya mdomo ikapanda, vilevile kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto jikoni kwa mama.

"Kitendawili."

"Dada, sina mchezo mimi."

"Kitendawili, Atuganile."

"Tega basi."

"Sahani moja, walaji wawili. Mmoja anasema ameshiba kabla hajanawa."

Nikaona hicho chepesi mno. "Mgeni mwenye adabu."

"Siye."

"Ndiye huyohuyo. Mgeni mwenye adabu, ndiwe, unakufa na adabu zako."

"Siye. Nipe mji nikwambie."

"Sikupi."

Tangu utotoni sikuwahi kumpa dada mji. Ningekaa wiki nzima na kitendawili kichwani kuliko kushindwa mbele yake. Nikakamua kitambaa. Jibu nilikuwa nalo, ya nini kununua jibu lingine?

Kisha nikavuta beseni upande wa pili nikamwogeshe Subilaga, maana hakuwa na wa kumuuguza. Mama yake alibaki Mwanjelwa na mtoto, akija kila Jumamosi tu. Yule naye ukimgusa anapiga kelele hadi korido nzima inajua.

"Bibi Atu, taratibu! Unasugua sufuria?"

"Nimekugusa kwa maji tu."

"Basi maji yako yana meno."

"Mwenzako hapo ana mifupa imeoza, hujamsikia hata akikohoa."

Nililisema hilo kwa makusudi, nimchome. Subilaga akanitazama, akamtazama dada, kisha akageuza uso dirishani kwenye mashamba ya chai. "Najua," akasema. "Mimi nilishamwambia asifanye hivyo."

Sikumwuliza asifanye nini. Sikutaka maneno naye. Kichwani nilikuwa nimeshamweka kwenye kapu lake: mtoto wa mjini, hana haya, anajibu salamu kwa matusi, na kwa kukosa adabu analipwa dawa. Aliyelelewa anaachwa aungue. Ndivyo nilivyoona, na nikaona nimeona.

"Jumamosi Tumpe anakuja," Subilaga aliendelea, akiongea na dirisha. Tumpe alikuwa binti yake, miaka sita. "Mara ya mwisho alinikuta nimekaa. Namwomba Mungu anikute nimetulia tu. Basi. Anikute nimetulia, nimsuke hata mstari mmoja."

"Atakukuta umetulia," dada akamjibu, macho yamefumbwa. "Mimi nakwambia."

*

Alhamisi mchana nilifanya.

Dada alikuwa amepitiwa na usingizi, ule usingizi mwembamba wa mtu aliyechoka kuumia. Mvua ilikuwa inagonga bati. Subilaga naye alilala, kinywa wazi. Msikizi akaamka na kijitaa chake cha kijani.

"Shikamoo, mama Sekela."

Dada hakusikia. Mashine ile ilingoja hesabu ya kumi. Usipojibu inaendelea na kiasi cha jana. Moja, mbili, tatu. Sisi ni tumbo moja. Tulipokuwa wasichana, baba akiita kutoka uani hakujua ni nani aliyeitika. Nne, tano. Nilijua mtungi ni mmoja. Nisikudanganye, mjukuu wangu: nilijua. Sita. Nikainama hadi mdomo wangu ukawa juu ya mto wake.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

"Habari za mchana?"

Ulimi ulinikatalia. Miaka sabini na minne na sijawahi kujibu hivyo.

"Mbaya," nikasema. "Mbaya sana, mwanangu."

 Nadhani Msikizi alilinganisha sauti, akalinganisha na bangili, na bangili ilimwambia kwamba hili ndilo neno la kweli la kwanza kutoka kitanda hiki.

"Pole sana, mama. Nimesikia. Ahsante kwa kuniambia."

Tik, tik, tik, tik, tik. Sikuwahi kusikia mvua tamu vile.

Ningependa ungekuwepo uone mkono wake. Ule mkono uliokuwa umeng'ang'ania ukingo tangu mwezi wa kwanza ulifunguka kidole kimoja kimoja, ukalala juu ya blanketi kama mkono wa mtoto aliyeshiba. Mikunjo ya paji la uso ikajifuta. Nikamwona Sekela, dada yangu, si ule ugonjwa uliovaa ngozi yake. Nikakaa chini nikalia, na hadi leo siwezi kukwambia kwamba machozi yale yalikuwa mabaya.

Halafu Msikizi akamsalimu Subilaga.

"Mbaya," akajibu akiwa bado na usingizi. "Kama kawaida yangu."

"Pole, dada. Nimesikia."

Tik, tik.

Akangoja. Akafumbua macho. "Mbona umeishia hapo?"

"Kilichopo kimegawanywa kwa haki, dada. Pole sana."

Nilichukua beseni nikaenda kumwaga maji, ingawa maji yalikuwa safi.

*

Nilijibu tena Alhamisi jioni. Nikajibu Ijumaa mara tatu. Dada hakuamka ila kumeza uji vijiko viwili na kurudi alikotoka, na mimi nilijiambia, mwache, ana usingizi wa mwaka mzima wa kulipiza.

Kila mara nilipojibu, nilijiwekea kikomo. Hii tu, kesho sijibu. Ijumaa jioni kijitaa cha mtungi kikageuka kutoka kijani kuwa njano. Msikizi alikuwa amepanga wiki nzima kwa "nzuri" za dada, na mimi nilikuwa nimemvurugia mpango. Njano ile ilijaa chumba kizima, ikakaa juu ya uso wa Subilaga aliyekuwa ameuma shuka. Nikavua kanga yangu mabegani, nikaitundika juu ya kijitaa.

"Umefunika nini, bibi Atu?" akaniuliza kwa meno yaliyobana.

"Mwanga unamsumbua dada."

"Bibi hajawahi kulala hivi."

"Amepata nafuu."

Akaniangalia mimi, akaiangalia kanga. Subilaga hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa maneno mengi tu, na siku hizo mbili maneno yalikuwa yameanza kumwishia. "Namshukuru Mungu kama amepata," akasema. "Kweli. Ila mpaka kesho... Muulize nesi kama kuna chochote. Mpaka Tumpe aondoke tu. Baadaye nitalia mpaka bati litoke."

Nikamwambia nitamuuliza nesi. Sikumuuliza, maana kumuuliza ni kumleta, na kumleta ni kufunuliwa kanga. Wangenitoa nje ya lango siku hiyohiyo, na dada angerudi kwenye "nzuri" yake bila mtu.

Jumamosi saa nne walifika. Bibi mmoja mfupi, viatu vimejaa tope jekundu, na mtoto wa kike amevaa sweta la shule, kashika mfuko wa maparachichi kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa na kuchanwa, tayari kusukwa.

Alimsikia mama yake kabla ya kumwona. Wote tulimsikia, korido nzima. Zilikuwa kelele tofauti na zile za kusema maji yana meno. Hazikuwa na maneno ndani.

Mtoto akasimama mlangoni. Subilaga alimwona. Aliona mlango, sweta, nywele, na akajaribu kuziba mdomo kwa ngumi, akaiuma ile ngumi, na sauti ikapita pembeni. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu Tumpe akauweka mfuko wake chini polepole, akaziba masikio, akarudi nyuma hatua moja moja mpaka mgongo ukagota ukuta wa korido. Bibi yake akambeba.

"Tutakuja wiki ijayo," yule bibi akaniambia mimi, kama mimi ndiye mwenye nyumba. "Mwambieni tutakuja wiki ijayo."

Maparachichi yalibaki mlangoni.

*

Nilikwenda stoo nikamkuta Mwakipesile. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakunifokea. Alipita mbele yangu, akaingia chumba cha saba, akaivuta kanga, na taa ilikuwa imeshavuka njano, ni nyekundu.

"Rudisha," nikamwambia. "Mwambie Msikizi arudishe, dada apunguziwe, huyu apewe."

"Kirudishwe kutoka wapi, bibi? Kiko mwilini mwake. Hakikamuliki."

"Vyumba vingine?"

Akaenda. Alizunguka vyumba vyote kumi na viwili, na kwenye kila kimoja nilisikia akiongea kwa sauti ndogo, na kila mtungi una watu wake. Alirudi na vidonge vya kawaida vya stoo. Subilaga alivimeza, akavitapika. Gari la kiwandani lilikuwa Jumatatu. Alipiga simu lije mapema. Barabara ya Kiwira ilikuwa imekatika kwa mvua, wakamwambia wanajitahidi.

Nilikaa na Subilaga Jumamosi yote iliyobaki na Jumapili. Nilimshika mkono. Sikuwa na kingine cha kumpa, na hata ule mkono nadhani hakujua ni wa nani. Msikizi aliendelea kusalimu kwa saa zake, sauti yake ileile ya kijana mwema. "Habari za mchana, dada Subilaga?" Jumapili mchana hakujibu. Mashine ikahesabu kumi yake. Nami nikahesabu nayo, nikapita kumi, nikafika ishirini, ndipo nikaona nahesabu peke yangu.

*

Jumatatu gari likapanda. Mtungi ukajazwa, taa ikawa kijani tena, nzuri kabisa, kijani cha majani ya chai. Godoro la kitanda cha pili lilikuwa limekunjwa katikati na kufungwa kamba.

Dawa ilikuwa imemwisha dada mwilini. Aliamka kabla ya saa sita. Nilijua kaamka kwa mkono wake: ulitoka kwenye blanketi, ukatafuta ukingo wa kitanda, ukaushika palepale kwenye mistari yake.

"Leo siku gani?"

"Jumatatu."

Akafikiri. "Jumamosi imekwenda wapi?" Kisha akageuza kichwa, na kugeuza kichwa kulimchukua muda, akaliona godoro. Akaiona kamba. Akayaona maparachichi matano niliyoyapanga dirishani kwa sababu sikujua yawekwe wapi.

"Alimsuka?"

Nikaligeuza parachichi moja dirishani.

"Atuganile. Alimsuka mtoto?"

"Hapana, dada."

"Nilimwahidi," akasema. "Mwezi mzima tulikuwa tunapimiana dawa hivyo. Alikuwa ananiambia, bibi, kesho sema mbaya hata wewe, upumue. Namwambia, baada ya Jumamosi. Kila wiki ina Jumamosi yake." Pumzi ikamkatika, akaingoja irudi. "Nani amenijibia?"

"Mimi."

"Nilijua. Nilisikia sauti yangu usingizini, nikasema, mbona inasema uongo."

"Haikuwa uongo!" nikapaza sauti. "Ulikuwa unaumia! Mungu ananiona, dada, ulikuwa unaumia mbele ya macho yangu, ungetaka nifanye nini? Nikae na uji?"

 Hata leo sina jibu lake, na nimewauliza watu wengi wenye shule kuliko yangu.

Mlangoni alisimama Mwakipesile. Alikuwa ameshaniambia asubuhi: niondoke kabla ya jioni, na barua itanifuata nyumbani. Kesho dada angekuwa na mtu mwingine wa kumwogesha, mgeni, asiyejua wapi pa kupangusa kama yai. Aliona mkono wa dada ukingoni, akarudi nyuma, akatuachia chumba.

Nikapiga magoti ili uso wangu uwe sawa na wake.

"Nakupa mji," nikasema.

Alinitazama kama vile hajasikia vizuri.

"Kile cha sahani. Nimeshindwa. Nakupa mji, dada. Nakupa Tukuyu, nakupa Mbeya yote, chukua."

Miaka sabini alikuwa ameungoja mji wangu. Pembe ya mdomo ilitaka kupanda, haikufika.

"Nimekwenda Mbeya," akasema polepole, kwa utaratibu wake, kwa sababu jambo likianzwa linamalizwa. "Nimetembea sokoni Mwanjelwa. Sikukuta cha kula. Jibu ni mama, Atuganile. Mama aliyeona ugali hautoshi."

Mvua ilikuwa imekatika. Nje wachuma chai walikuwa wanaitana kwa majina, mstari hadi mstari.

"Shikamoo, mama Sekela," Msikizi akasema kutoka ukutani.

"Marahaba."

"Habari za mchana?"

Nilijiziba mdomo kwa mkono. Dada hakuniangalia mimi wala ukuta. Aliliangalia lile godoro lililofungwa kamba, na alikaa nalo mpaka nikadhani kumi imepita.

"Mbaya, mwanangu," akasema. "Mbaya tangu mwezi wa kwanza."